Mpatanishi Aliyepitia Dar es Salaam

Dodoma, Jumanne, 17 Oktoba 2023

Martti Ahtisaari amefariki jana huko Finland, akiwa na miaka 86. Nimesikia redioni asubuhi, katikati ya habari za Gaza, na taarifa yenyewe ilikuwa fupi mno: rais wa zamani wa Finland, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2008. Basi, wakahamia michezo. Namibia haikutajwa. Tanzania haikutajwa. Nimeudhika mpaka chai imepoa.

Huyu mtu aliishi Dar es Salaam kuanzia 1973 hadi 1977 akiwa balozi wa Finland, na akiwa hapohapo aliiwakilisha nchi yake pia Zambia, Somalia na Msumbiji. Alifika akiwa na miaka 36. Alipoondoka kwetu alikwenda kuwa Kamishna wa Umoja wa Mataifa wa Namibia, na yote aliyokuja kusifiwa nayo baadaye yalifuata njia hiyo. Kumtaja bila kuitaja Dar es Salaam ni kuusimulia mto kuanzia daraja la katikati.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ndiye anayefundisha historia katika shule moja hapa mjini, amenipigia jioni. "Shikamoo mwalimu. Njoo uzungumze na vijana wangu kuhusu yule mzee wa Namibia." Nimekubali. Ila nina jambo zito juu ya marehemu huyu, nalo ni la tarehe 1 Aprili 1989. Siwezi kusimama mbele ya watoto wa Dodoma, mkoa wenye Kongwa ilikokuwa kambi ya wapigania uhuru, nikamsifu mpatanishi wa Namibia huku nikiiruka siku ile.

Alhamisi, 19 Oktoba

Alizaliwa Viipuri, 23 Juni 1937. Mji huo leo uko Urusi, unaitwa Vyborg. Alikuwa na miaka miwili tu Wasovieti walipoivamia Finland mwishoni mwa 1939. Baba akaenda vitani, mama akamchukua mtoto wakakimbia, wakaishia Kuopio. Watu zaidi ya 400,000 walihamishwa na vita vile kutoka Karelia, na kwao wengi hawakurudi tena.

Karibu kila anayeandika juu yake anaanzia hapo: mtoto mkimbizi akakua akawa mleta amani. Sijaridhika na maelezo hayo. Wakimbizi duniani ni mamilioni, wapatanishi hawajai hata ukumbi mmoja. Mimi naitazama zaidi kazi yake ya kwanza. Alisomea ualimu Oulu akamaliza 1959, kisha akaenda Karachi, Pakistani, kuwaandaa walimu wa elimu ya viungo. Ualimu unakufundisha kitu ambacho wizara ya mambo ya nje haikifundishi. Darasa linajua upesi kama mtu aliyesimama mbele anasema anachokiamini. Likishajua kwamba hasemi ukweli, umelipoteza kwa mwaka mzima. Kumbuka pia kwamba rais aliyepokea hati zake za utambulisho hapa, Nyerere, alikuwa mwalimu.

Na Dar yenyewe ya mwaka 1973! Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao pale. FRELIMO, ANC, SWAPO ya Namibia, wote walikuwa na ofisi mjini. Balozi wa nchi ya kaskazini angeweza kabisa kukaa na miradi yake akamaliza muda wake kwa heshima, maana Wafini walikuwa na kazi kubwa ya maji Mtwara na Lindi, na kabla ya hapo walishirikiana na nchi wenzao za Nordiki kujenga kituo cha elimu Kibaha. Yeye alikwenda mbali zaidi ya visima. Alizoeana na wapigania uhuru, Sam Nujoma wa SWAPO akiwamo, wakati ambapo serikali nyingi za Magharibi hazikutaka hata kuonekana nao.

Finland na Namibia zilikuwa na historia yao tayari. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Finland walifika Ovamboland mwaka 1870, ndiyo maana kaskazini mwa Namibia utakutana na Martti na Toivo waliozaliwa hukohuko na wasioijua theluji.

Nilichokiandika pembeni kwa kalamu nyekundu, nitakaposimama mbele ya vijana: aliwafahamu watu hawa kabla hawajawa "upande" wa mazungumzo.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimemfikiria Salim Ahmed Salim leo. Alikuwa balozi wetu Umoja wa Mataifa miaka yote ya 1970, akiupigania uhuru wa Waafrika usiku na mchana, na mwaka 1981 Marekani ikamzuia kuwa Katibu Mkuu. Baadaye akawa mpatanishi wa Umoja wa Afrika katika mgogoro wa Darfur. Mei 2006, Abuja, serikali ya Sudan ikatia saini na kundi moja la waasi. Makundi mengine yakakataa na vita vikaendelea. Hakuna aliyempa nishani kwa miezi ile ya Abuja. Nani atasema Salim alijua kazi hii pungufu ya Ahtisaari? Matokeo yanategemea sana wapiganaji wenyewe wamechoka kiasi gani, na nani nyuma yao bado anawapa silaha.

Jumanne, 24 Oktoba

Umeme umerudi. Nirudi Namibia, kwenye Azimio 435.

Azimio 435 la Baraza la Usalama lilipita 29 Septemba 1978. Lilikuwa rahisi kulisoma: vita visimame, majeshi ya Afrika Kusini yapunguzwe na kuondoka, uchaguzi huru ufanyike chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, Namibia iwe huru. Ahtisaari aliteuliwa mwaka huohuo kuwa mwakilishi maalumu wa Katibu Mkuu wa kulisimamia. Utekelezaji ulianza Aprili 1989. Mtoto aliyezaliwa siku azimio lilipopita alikuwa na miaka kumi na nusu.

Vijana wataniuliza kwa nini ilichukua muda wote huo. Pretoria haikutaka. Halafu serikali ya Reagan ikaingiza sharti la wanajeshi wa Kuba waondoke Angola kwanza, jambo ambalo halikuwamo ndani ya azimio. Nchi za mstari wa mbele, Mwalimu akiziongoza mpaka alipostaafu urais 1985, zilikataa kabisa kulibeba sharti hilo. Vita vya Cuito Cuanavale, Angola, vya 1987 na 1988 ndivyo vilivyobadilisha hesabu: Afrika Kusini ikaona gharama, Kuba ikaona mlango wa kutokea kwa heshima. Mkataba ukatiwa saini New York, 22 Desemba 1988. Bernt Carlsson wa Sweden, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa Kamishna wa Namibia, alikuwa safarini kwenda kuushuhudia. Ndege yake ni ile iliyolipuliwa juu ya Lockerbie siku moja kabla.

Miaka yote hiyo Ahtisaari alishika na kazi nyingine, Helsinki na New York, lakini faili la Namibia lilibaki mikononi mwake. Wanaomsifu husifu uvumilivu. Mimi ningesema hakukubali watu waizoee hali ile. Uvumilivu wa kukaa kimya tulikuwa nao wengi.

Alhamisi, 26 Oktoba

Sasa hili.

Aliwasili Windhoek 31 Machi 1989. Usitishaji wa vita ulikuwa uanze siku iliyofuata. Siku hiyohiyo ya 1 Aprili Margaret Thatcher alikuwa Windhoek, na Pik Botha, waziri wa mambo ya nje wa Afrika Kusini, alikuwapo pia. Kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNTAG, kilikuwa hakijafika chote. Wakubwa wa Baraza la Usalama walikuwa wamebishania gharama kwa miezi, wakataka askari wapunguzwe kutoka 7,500 hadi 4,650, na kwa sababu ya mabishano hayo siku ya kwanza walikuwako askari chini ya elfu moja. Huko kaskazini, mpakani, palikuwa patupu.

Wapiganaji wa SWAPO walikuwa wameingia kaskazini mwa Namibia kwa mamia. SWAPO ilisema wamekuja kujikusanya chini ya Umoja wa Mataifa, kama watu waliorudi kwao. Makubaliano yalisema wabaki Angola, kaskazini ya latitudo ya 16. Afrika Kusini ikasema makubaliano yamevunjwa, na kama Umoja wa Mataifa hauwezi kufanya kitu basi wao watafanya, na mpango wote utakuwa umekufa.

Ahtisaari alipeleka pendekezo kwa Katibu Mkuu, Pérez de Cuéllar: baadhi ya vikosi vya Afrika Kusini viruhusiwe kutoka kambini kwa muda. Likakubaliwa. Walitoka, na mbele yao walikuwa Koevoet, polisi ambao jina lao lilikuwa likiwanyamazisha watu wa Ovamboland kwa miaka kumi. Katika siku tisa wapiganaji zaidi ya 300 waliuawa. Ilikuwa miongoni mwa wiki za umwagaji damu mbaya kabisa katika vita vyote vile, na ilitokea baada ya amani kuanza, kwa ruhusa yenye muhuri wa Umoja wa Mataifa.

Nilikuwa mwalimu mpya wakati huo. Nakumbuka tulivyosikiliza taarifa ya habari chumba cha walimu, na mwalimu mmoja mkubwa aliyekuwa ameshona sare za wapiganaji Kongwa ujana wake akatoka nje bila kusema neno, akaacha kipindi chake.

Najua utetezi. Angefanya nini mtu asiye na askari? Kama angekataa, Pretoria ingefunga mlango na vijana wale huenda wangeuawa vilevile, na uhuru usije. Utetezi huo una nguvu. Lakini hoja ya "hapakuwa na njia nyingine" hutolewa na waliobaki hai, na mimi nimefundisha historia muda mrefu kiasi cha kuiogopa.

Ijumaa, 27 Oktoba

Usiku nimezidi kuona kwamba lawama ya kwanza si yake. Ni ya wale waliokaa New York wakipima bei ya askari huku tarehe inakaribia. Mpatanishi alitumwa akasimamie usitishaji wa vita bila macho wala miguu huko mpakani. Hilo nitawaambia vijana kwanza. Halafu nitawaambia kwamba pendekezo lilitoka kwake, na jina lake liko juu yake.

Jumapili, 29 Oktoba, Kongwa

Nimekuja kumwona mama. Miguu inamsumbua ila kumbukumbu anazo kuliko mimi.

Kambi ilifunguliwa 1964, katika mabaki ya ule mradi wa Waingereza wa karanga uliokufa, karibu na stesheni ya zamani. SWAPO, FRELIMO, kisha ANC na MPLA. Mama alikuwa mke kijana. Anasema walijifunza Kiswahili upesi, na wengine Kigogo cha kununulia maziwa na kubembelezea wasichana. Kuna ndoa zilifungwa, kuna watoto walizaliwa. Kamanda wa kwanza wa jeshi la SWAPO, Tobias Hainyeko, aliuawa 1967 kwenye mto Zambezi akijaribu kurudi kwao. Wenzake wa mwanzo walitangulia, wakaweka ngome Omugulugwombashe, na 26 Agosti 1966 Waafrika Kusini wakawashambulia kwa helikopta. Namibia inaihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa vita vya ukombozi, na watu wa siku hiyo walikuwa wamenunua maziwa kwetu.

Nikamweleza mama juu ya marehemu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Mzungu ndiye aliyewafikisha kwao?"

"Alisimamia uchaguzi, mama. Walishinda, wakapata nchi."

"Na hao waliouawa amani ikiwa imeshaanza, makaburi yao yako wapi?"

Nikamwambia walitupwa katika makaburi ya pamoja, na kwamba mwaka 2005 makaburi ya namna hiyo yaligunduliwa Eenhana, kaskazini, na serikali yao ikajenga mahali pa kumbukumbu.

"Miaka kumi na sita," akasema. Nilikuwa sijaipiga hesabu mwenyewe. "Mama zao walikuwa hai?"

Sikuwa na la kumjibu. Katika vitabu vyote nilivyopitia juu ya diplomasia ya Namibia, swali hilo halimo.

Ijumaa, 3 Novemba

Hapa nimtendee haki naye.

Baada ya Aprili angeweza kuomba kuondolewa. Alibaki. Mkutano wa Mlima Etjo, 9 Aprili, uliwapa wapiganaji njia ya kurudi Angola, na mpango ukarudi katika reli taratibu. Watu wa UNTAG wakafika elfu nane hivi, askari, polisi na raia. Vikosi vitatu vya miguu vilitoka Finland, Malaysia na Kenya, kwa hiyo ilisikika tena Namibia lugha waliyoondoka nayo wakongwe wa Kongwa. Ofisi zikafunguliwa wilaya kwa wilaya, watu wakaelezwa kura ni nini na kwamba ni siri. Koevoet walipoendelea kuzunguka na magari yao ya kivita wakiwatisha wanavijiji, alishikilia mpaka wakaondolewa. Wakimbizi zaidi ya 40,000 wakarejea.

Uchaguzi ulikuwa 7 hadi 11 Novemba 1989. Walijitokeza asilimia 97 ya waliojiandikisha. SWAPO ikapata asilimia 57, viti 41 kati ya 72, pungufu ya theluthi mbili iliyohitajika kuandika katiba peke yake. Kwa hiyo walilazimika kukaa mezani na wapinzani wao, na katiba ikatoka ndani ya miezi mitatu. Uhuru ulikuja 21 Machi 1990. Wanamibia wakampa uraia wa heshima. Ni wao waliopoteza watoto wao, na ni wao waliompa. Sina haki ya kuwa mkali kuliko wao, ingawa siwezi pia kusamehe kwa niaba ya mtu.

Urais wake, 1994 hadi 2000, naupita haraka. Alikuwa wa kwanza kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi, Finland ikaingia Umoja wa Ulaya mwanzoni mwa 1995, na hakugombea tena. Lililonishika ni la Juni 1999: alikwenda Belgrade na Viktor Chernomyrdin wa Urusi, NATO ikiwa inaipiga Yugoslavia kwa mabomu tangu Machi kwa sababu ya Kosovo. Rais Milošević wa Yugoslavia akauliza kama masharti yanaweza kuboreshwa. Jibu lilikuwa hapana. Kwa kuwa Mrusi alikuwa amekaa upande mmoja naye wa meza, hapakuwa na mahali pengine pa kukimbilia. Bunge la Serbia likakubali tarehe 3. Watu walimpongeza kwa hilo, lakini kwangu ule ulikuwa ujumbe wenye ndege za vita nyuma yake, na miaka minane baadaye, alipopendekeza Kosovo iwe huru chini ya uangalizi, Serbia na Urusi zilikataa, na hadi leo hazijakubali.

Jumatatu, 6 Novemba

Aceh. Hapa ndipo ninapomheshimu bila kusita, na vijana wangu wanaweza kujifunza kazi yenyewe inafanywaje.

Harakati ya Aceh Huru, GAM, ilianza 1976 kudai kujitenga na Indonesia. Watu wapatao 15,000 walikuwa wamekufa. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ikaja. Ni mawimbi yaleyale yaliyofika mpaka pwani yetu na kuua. Aceh peke yake ilipoteza watu zaidi ya 160,000. Wengi husema tsunami ndiyo iliyoleta amani. Si kweli, au si kweli yote. Mawimbi hayohayo yaliipiga Sri Lanka, na Sri Lanka ikarudi vitani hadi 2009. Hata kabla ya tsunami, mfanyabiashara wa Kifini, Juha Christensen, alikuwa ameanza kuzitafuta pande zote mbili, na Makamu wa Rais Jusuf Kalla alikuwa na watu wake waliokuwa wakiulizia njia ya kuwafikia GAM.

Walikutana Januari 2005, mwezi mmoja baada ya msiba, katika jumba la kale la Königstedt, Vantaa, nje kidogo ya Helsinki. Ahtisaari hakuwa na cheo cha dola tena. Alikuwa na asasi yake ndogo, CMI, aliyoianzisha mwaka 2000. Akaweka mambo mawili mapema. Kwanza, hakuna kilichokubaliwa mpaka vyote vikubaliwe, ili mtu asichukue kipande kitamu akaondoka nacho. Pili, akawaambia GAM bila kuzunguka: kama wamekuja kwa ajili ya uhuru kamili, yeye hawezi kuwasaidia na wasipotezeane muda. Serikali ya Indonesia haikuwa na nia ya kutoa uhuru, na yeye alijua. Mjadala uhamie kwenye kujitawala ndani ya Indonesia.

Je, huko ni kuchukua upande? Baadhi ya viongozi wa GAM, waliokuwa wakiishi uhamishoni Stockholm, walikasirika, na nawaelewa. Watu hao walikuwa wamezikana kwa ajili ya neno hilo. Lakini mbadala wake ni mpatanishi anayetabasamu na wote, anawaacha kila mmoja aamini atapata anachotaka, halafu miezi sita baadaye kila mtu anagundua alidanganywa. Ahtisaari aliwapa habari mbaya siku ya kwanza, na kwa sababu hiyo walipopewa habari njema baadaye waliiamini.

Duru tano, hadi Julai. Tarehe 15 Agosti 2005 wakatia saini. Kwa upande mmoja GAM isalimishe silaha 840 na kuvunja jeshi lake la wapiganaji 3,000. Kwa upande mwingine Indonesia iondoe askari wake wa ziada, itoe msamaha, iruhusu vyama vya siasa vya Aceh yenyewe, jambo ambalo sheria zake hazikuwa nalo. Umoja wa Ulaya na nchi tano za ASEAN zikaleta waangalizi. Na waangalizi walikuwepo mapema, wakati walipohitajika! Kabla ya mwaka kwisha silaha zote zilikuwa zimekatwa vipande. Mtu aliyeiona Aprili 1989 asingetia saini Aceh bila kuwa na macho tayari uwanjani. Siwezi kuthibitisha kwamba aliwaza hivyo, ila ratiba ya Aceh naisoma kama jibu.

Kasoro ipo. Tume ya ukweli iliyoahidiwa ilisubiri hadi 2016 kupata makamishna wake. Tena ni wale wenye makaburi walioambiwa wasubiri.

Ijumaa, 10 Novemba

Wamemzika leo Helsinki, mazishi ya kitaifa. Mwezi Septemba 2021 ilitangazwa kwamba ana maradhi ya Alzheimer, akaacha shughuli za hadhara. Mke wake Eeva alikuwa naye Dar, New York, Namibia, kila mahali, na mtoto wao alipitia sehemu ya utoto wake Dar.

Tumezoea kusema mpatanishi mzuri hana upande. Maisha ya mtu huyu yanasema vingine. Kuhusu Namibia alikuwa na upande, na haukuwa siri: nchi ile iwe huru. Afrika Kusini ilijua, na ilimlaumu kwa hilo miaka mingi. Mwalimu naye, alipokuwa msuluhishi wa Burundi kuanzia 1996 hadi alipofariki, aliambiwa anapendelea, na nchi jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo baada ya mapinduzi ya Buyoya, sauti hizo ziliongezeka. Mandela alipoipokea kazi hiyo aliwakaripia wanasiasa wa Burundi hadharani, na mkataba ukatiwa saini Arusha, Agosti 2000, vita vikiendelea maana makundi makubwa ya wapiganaji hayakuwamo chumbani. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekuwa mtu wa kutofungamana na haki. Walichokuwa nacho ni kusema kitu kilekile katika vyumba vyote viwili.

Ndiyo maana siku ile ya Aprili inaniuma hivi. Katika vyumba vile vya Windhoek alikuwepo Botha, alikuwepo Thatcher. Wapiganaji walikuwa msituni, hawakuwa na chumba.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimezungumza na vijana. Darasa lilijaa mpaka madirishani, kidato cha tano na wengine wa chini waliojipenyeza. Niliwaambia yote, Viipuri hadi Königstedt, na Aprili sikuifunika.

Mvulana mmoja akasema kama angekuwa Ahtisaari angejiuzulu tarehe 1 Aprili jioni. Msichana aliyekaa nyuma akambishia: "Ujiuzulu ili nani abaki na Koevoet?" Wakagawanyika, wakabishana kwa takwimu, kwa tarehe, mpaka kengele ikapigwa na hakuna aliyetoka. Kisha yule msichana akaniuliza mimi: "Mwalimu, wewe unamweka wapi?"

Nikamjibu hivi, na nayaandika yasije yakabadilika mdomoni mwangu: namweka pamoja na watu waliovipunguza vita duniani kuliko karibu kila mtu wa rika lake, na nataka majina ya wale zaidi ya 300 yafundishwe katika somo lilelile linalofundisha jina lake. Msichana akasema majina hayo hajayaona katika kitabu chochote. Nikamwambia aanze kuyatafuta yeye.

Jumatano, 22 Novemba

Mazungumzo ya serikali ya Ethiopia na Jeshi la Ukombozi la Oromo yaliyokuwa yakifanyika Dar es Salaam yamevunjika jana. Duru ya kwanza ilikuwa Zanzibar, Aprili na Mei. Kila upande unasema mwenzake ndiye aliyekwamisha. Tukiwa wenyeji tumetoa ukumbi, ulinzi na hoteli, na hilo si dogo, nchi hii imelifanya tangu kabla sijaanza shule.

Mwalimu mwenzangu amenipigia kuhusu Januari. Vijana wanataka kwenda Kongwa kuyaona majengo ya kambi na makaburi ya wapiganaji waliozikwa pale. Nimemwambia atafute basi. Chakula nitakisimamia mimi na dada zangu. Mama amekubali kuzungumza nao, kwa sharti moja: waje na daftari, kwa sababu anayo majina ya wapiganaji kadhaa waliokuwa wakija kwake, ya kambini na ya nyumbani kwao, na hajawahi kumwandikisha mtu.

Nimenunua kalamu.